Kalamu ya Msafiri: Ubora na Upungufu wa Riwaya ya Kihistoria Iliyotungwa kwa Namna ya Shajara

Katika namna nyingi za kutunga hadithi za safari na mikasa ya zamani, hapana inayoaminiwa upesi kama ile inayojifanya kuwa daftari la mtu aliyekuwako. Mtungaji huweka tarehe juu ya ukurasa, hutaja mahali pa kambi, mvua iliyonyesha na idadi ya wagonjwa, na mara msomaji husahau kuwa asomacho kimebuniwa. Daftari la namna hiyo huitwa shajara, maana yake kitabu ambacho mambo ya kila siku huandikwa kwa siku yake. Makala haya yakusudia kupima ni nini riwaya ya kihistoria hupata kwa kuvaa vazi la shajara, na ni nini hupoteza. Mizani yetu itakuwa nchi ya Ziwa Tanganyika, yaani Kigoma, Ujiji na pwani yake, kwa kuwa ni vigumu kuitaja nchi nyingine ya Afrika ya Mashariki ambayo sifa yake katika vitabu vya dunia ilijengwa na shajara kuliko hii.

Burton na Speke waliingia Ujiji mwezi wa Februari 1858, mmoja hawezi kutembea kwa maradhi na mwingine macho yake karibu yamepofuka, na wote wawili waliandika. Livingstone alifika mara ya kwanza mwaka 1869, Stanley akamfuata mwaka 1871, Cameron akaja mwaka 1874 na kuzikuta huko karatasi ambazo Livingstone aliziacha nyuma. Mji wenyewe ulikuwa soko kabla ya hao wote. Palikuwa na chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, samaki wakavu, pembe za ndovu, na kwa masikitiko makubwa palikuwa na watu waliouzwa. Lakini msomaji wa ng'ambo aliujua Ujiji kwa kadiri wageni walivyouandika siku za kupumzika. Hata maji yamehama tangu siku hizo: baada ya ziwa kuzibua njia yake ya Lukuga katika miaka ya 1870, kina chake kilishuka kwa mita kadhaa, na mnara wa ukumbusho wa Livingstone leo hausimami ukingoni mwa ziwa. Atakaye kuiona pwani ya mwaka 1871 hana budi kurudi kwenye karatasi, na ndiyo maana jambo la nani aliandika, na kwa nini, si jambo dogo kwa mtungaji wa riwaya.

Riwaya nitakayoitazama zaidi ni Out of Darkness, Shining Light, kazi ya Petina Gappah wa Zimbabwe iliyotolewa mwaka 2019. Yasimulia jinsi watumishi na wapagazi wa Livingstone walivyouchukua mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, alikofariki tarehe 1 Mei 1873, hadi Bagamoyo walikofika Februari 1874. Walikwenda zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Njia yao iliuzunguka upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, ikapanda hadi Unyanyembe karibu na Tabora, kisha ikaelekea pwani. Ujiji haumo katika njia hiyo, walakini ndio mwanzo wake: hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, na baada ya kuagana naye akampelekea kutoka Unguja kikosi kipya cha watu, na mmoja wao alikuwa kijana Jacob Wainwright. Sehemu ya kwanza ya riwaya inasimuliwa na Halima, mpishi wa Livingstone, kama mtu azungumzaye barazani. Sehemu ya pili ni shajara ya Jacob. Kwa kuwa riwaya hii yaweka masimulizi ya kinywa na shajara ndani ya jalada moja, yatupa nafasi ya kuyalinganisha bila kutoka nje ya kitabu.

Yafaa kusema mapema kuwa Jacob alikuwako. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akasomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, nchini India. Ndiye aliyesoma sala ya maziko pale Chitambo na kuchonga maandishi katika mti. Ndiye aliyefuatana na mwili hadi Uingereza, akasimama kati ya wachukuzi wa jeneza katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Tena aliandika shajara kweli. Sehemu yake ilichapwa kwa Kijerumani mwaka huo huo wa 1874, na maandishi ya mkono wake, ambayo yamehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Livingstone huko Blantyre, Scotland, yalitolewa kwa wasomaji wote kwa njia ya intaneti mwaka 2019, mwaka ule ule wa riwaya. Basi Gappah hakumpa kalamu mtu asiyekuwa nayo. Hilo ndilo sharti la kwanza la namna hii ya utunzi, na watungaji wengi hulivunja: mwenye shajara lazima awe mtu ambaye kwa elimu yake, kazi yake na tabia yake, angeweza kuandika.

Sasa tutazame ubora. Ubora mkubwa wa shajara ni kutojua kesho. Msimulizi wa kawaida wa mambo ya zamani ameyaona yote yakiisha, na kila neno lake limekwisha kupata habari ya mwisho. Tuchukue maisha ya Tippu Tip aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, yaliyochapwa kwanza na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, kisha na W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959 katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Ni nathari yenye nguvu nyingi, na kila mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuisoma. Lakini ni maneno ya mzee aliyekwisha kurudi Unguja. Vita vikianza, twajua amevishinda, maana ameketi anatueleza. Miezi hupita katika sentensi moja, na hatari huwa hesabu iliyokwisha kufungwa. Shajara haina amani hiyo. Jacob anapoandika kuwa kesho watavuka mto au watakutana na mtawala fulani, hajui kama kesho kutwa atakuwa hai. Sisi twajua kuwa mwili ulifika Bagamoyo, yeye hajui. Hapo ndipo historia, ambayo vitabuni huonekana kama njia moja iliyonyooka, hurudi kuwa njia panda, na msomaji huyaona mambo kama waliokuwako walivyoyaona, kabla hayajawa historia.

Ubora wa pili ni heshima ya vitu vidogo. Historia ya vita na mikataba haina nafasi ya posho iliyopungua, shanga za rangi isiyotakiwa katika nchi fulani, kidonda cha mguuni, ugomvi wa nani atabeba mzigo gani. Shajara ni chombo kinachovipokea vyote hivyo bila kuomba radhi, kwa kuwa kazi yake ni kuandika siku, na siku nyingi za safari hazina jambo kubwa. Msafara wa karne ya 19 uliishi kwa mambo hayo. Hongo ilipocheleweshwa msafara ulisimama, na chakula kilipokwisha wapagazi walitoroka. Mtungaji ajuaye kuitumia shajara hutuonyesha kuwa mikasa ya bara haikuwa simba na mishale tu. Aghalabu ilikuwa njaa na mabishano ya bei. Katika hili riwaya ya Gappah yafanya vizuri, kwa maana yatuweka kati ya watu waliochoka, wanaogombana, wanaoogopa kukataliwa njia kwa sababu ya maiti waliyonayo, na bado wanaendelea.

Ubora wa tatu ni wa siri zaidi. Mwenye shajara hujiona anaandika habari za wenzake, kumbe anajiandika mwenyewe. Jacob wa riwaya ni kijana mcha Mungu, mwenye kujivunia Kiingereza chake, anayewadharau wenzake wasiosoma na kuwahukumu Waislamu wa msafara. Ana ndoto ya kurudi na joho la kasisi kuwaongoa watu wake. Lugha yake ni ya mahubiri, na vichwa vya sura zake ni virefu kama vya vitabu vya wasafiri wa zamani. Kwa muda mchache msomaji aweza kuchoka naye. Lakini kadiri kurasa zinavyokwenda, twaanza kuona asichokiona mwenyewe: anavyopambana na tamaa ambazo mahubiri yake hayakumfundisha kuzikabili, na jinsi elimu aliyopewa ilivyomtenga na watu ambao bila wao asingefika popote. Hayo yote hayasemwi na mtu mwingine. Yanavuja katika maneno yake mwenyewe, na hilo ni jambo ambalo msimulizi ajuaye yote asingeweza kulifanya kwa uzuri huo.

Baada ya ubora hatuna budi kuutaja upungufu, na nitaanza na ule ulio rahisi kuonekana. Shajara ni kazi ya mkono. Yahitaji karatasi, wino, mwanga na mtu asiyelala. Defoe aliliona jambo hili zamani katika Robinson Crusoe ya mwaka 1719, ambamo shajara ya mtu wa kisiwani yakoma kwa sababu wino umemwishia. Maisha yenyewe yalimletea Livingstone shida hiyo hiyo: mwaka 1871, alipokuwa Manyema ng'ambo ya ziwa, aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino alioutengeneza kwa maji ya matunda ya porini, hata maandishi yakafifia, na wataalamu wakaweza kuyasoma vizuri mwaka 2011 tu kwa kuyapiga picha za mianga mbalimbali. Watungaji wengi wa riwaya za shajara husahau haya. Wahusika wao hubeba mizigo mchana, huugua homa jioni, na usiku huandika kurasa ishirini zenye mazungumzo marefu, neno kwa neno, kama kwamba walikuwa na karani. Jacob wa Gappah naye hakuepuka lawama hii. Shajara yake mara nyingi ina ukamilifu wa kitabu kilichokwisha kupigwa msasa, na kuna mahali ambapo msomaji anataka kuona sentensi iliyokatika, siku iliyorukwa, mstari mmoja ulioandikwa na mtu mwenye homa. Siku isiyoandikwa ni sehemu ya shajara kama siku iliyoandikwa, na mtungaji akiziba mapengo yote ameharibu alichokiazima.

Upungufu wa pili ni wa haki. Shajara ina mkono mmoja, na wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mfano mzuri tunao Ujiji kwenyewe. Livingstone aliporudi kutoka Manyema mwezi wa Oktoba 1871, aliandika kuwa vitu vyake vyote vilikuwa vimeuzwa na mtu aitwaye Sharifu, aliyedai kuwa amepiga bao kwa Kurani na kuona kwamba mwenye mali amekufa. Habari hiyo imerudiwa katika vitabu vingi, na Sharifu huyo amebaki mwizi hadi leo. Yawezekana alikuwa mwizi. Lakini kesi hii imeamuliwa kwa ushahidi wa mdai peke yake. Mtu huyo aliishi katika mji wa wafanyabiashara wenye madeni, mizigo iliyokaa muda mrefu bila mwenyewe, na wapagazi waliotaka kulipwa posho. Shajara haikuuliza, nasi hatukusikia. Riwaya inayojenga juu ya shajara bila kulikumbuka hili huurithi upungufu huo na kuuongeza, maana msomaji wa riwaya humpenda msimulizi wake, na ampendaye hamhoji.

Tena hata wenye shajara hawakupatana wao kwa wao. Mkutano wa Livingstone na Stanley pale Ujiji, ambao huenda ndio mkutano mashuhuri kuliko yote katika habari za bara, Stanley aliuweka tarehe 10 Novemba 1871. Hesabu za Livingstone zauweka mwishoni mwa Oktoba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amepotewa na siku kadhaa kwa maradhi na safari. Na katika daftari la Stanley kurasa zilizohusu mkutano huo zimenyofolewa, hata yale maneno ya salamu ambayo dunia yote huyakariri hayana ushahidi wa siku yenyewe. Hata shajara ya Nyangwe, ambayo Livingstone aliiandika baada ya mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai 1871, ilipita mikono kadhaa: kwanza maandishi ya njiani, kisha nakala aliyoinakili mwenyewe kwa utulivu, kisha kitabu alichokihariri Horace Waller mwaka 1874. Ulinganishaji wa maandishi hayo umeonyesha kuwa maneno makali aliyoyaandika kwanza juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe yalipunguzwa baadaye. Tarehe iliyo juu ya ukurasa, ambayo ndiyo chanzo cha imani ya msomaji, haitoshi kuwa dhamana. Mtungaji mwenye akili aweza kulitumia jambo hili. Aweza kuandika riwaya ambamo ukurasa mmoja umenyofolewa, na hadithi yote ikawa ni kuutafuta. Ajabu ni kwamba wachache wamejaribu.

Upungufu wa tatu haujatajwa sana na wahakiki wa ng'ambo, lakini kwetu ni mzito: shajara huja na kalenda yake na lugha yake. Anayeandika tarehe 10 Novemba amekwisha kuchagua mji anaouona. Tukihesabu kwa mwezi, siku hiyo ilikuwa katika siku za mwisho za Shaabani mwaka 1288, na Ramadhani ilikuwa inaandama kama siku nne mbele. Mtu wa Ujiji aliyejua kuandika, na walikuwapo, angeandika nini wiki hiyo? Labda angetaja wageni wawili weupe waliovuliana kofia. Lakini bila shaka angeandika juu ya kutazama mwezi, bei ya nafaka, deni alilotaka kulipwa kabla ya kufunga, na mitumbwi iliyochelewa kutoka ng'ambo. Ni wiki ile ile na ufuo ule ule, na kila kalenda ina habari yake kuu. Kadhalika lugha. Watu wa misafara walizungumza Kiswahili na Kinyamwezi njiani, na Jacob akaandika Kiingereza. Kila mazungumzo katika shajara yake yamekwisha kufasiriwa kabla hatujayasoma. Katika sehemu ya Halima, Gappah huachia maneno mengi ya Kiswahili yapite katika Kiingereza chake, na twasikia harufu ya jiko na ya baraza. Katika shajara ya Jacob mlango huo umefungwa. Huenda amefanya makusudi, kwa kuwa Jacob mwenyewe alitaka kuufunga. Hata hivyo hasara ni ya msomaji.

Upungufu wa nne watokana na maumbile ya namna yenyewe: mwenye shajara hawezi kuandika kifo chake. Livingstone aliandika mara ya mwisho tarehe 27 Aprili 1873, akafa siku nne baadaye. Habari za usiku wa mwisho, za mwili kukaushwa, za moyo kuzikwa chini ya mti na za mwendo wa miezi tisa, Waller alizipataje? Chuma na Susi walipelekwa Uingereza mwaka 1874, wakaketi naye, wakamweleza. Kwa hiyo kitabu kile kiitwacho shajara za mwisho za Livingstone kinamalizika kwa masimulizi ya kinywa ya watu wawili ambao hawakuandika shajara. Jambo hili nalihesabu kuwa ufunguo wa mjadala wetu. Shajara mashuhuri kuliko zote za nchi hii ilihitaji kinywa ili iwe nzima. Waliobeba mzigo wa mwili ndio waliobeba pia mwisho wa hadithi, ingawa jina lililo juu ya jalada ni la aliyebebwa.

Kwa kipimo hicho naihukumu riwaya ya Gappah. Wako wanaosema kuwa sehemu ya Halima ni bora na sehemu ya Jacob inachosha, na kwamba kitabu kingekuwa kizuri zaidi kama mpishi angesimulia mwanzo hadi mwisho. Kwa ladha ya lugha nakubaliana nao, maana Halima ni mcheshi, mkali wa macho, asiyemwogopa mtu, na kila neno lake lina mwili. Lakini kwa ujenzi wa kitabu siwezi kukubali. Halima peke yake angetupa hadithi tamu, na Jacob peke yake angetupa historia tuliyokwisha kuizoea, ya msafiri mmoja mwenye kalamu na umati usio na majina. Wawekwapo pamoja, kila mmoja humshitaki mwenziwe. Tumekwisha kuwajua watu wa msafara kwa kinywa cha Halima, na tunapowaona tena katika daftari la Jacob wamepungua, wamekuwa wakaidi na makafiri, twajua ni kalamu iliyowapunguza. Upungufu wa shajara umekuwa habari yenyewe inayosimuliwa. Hilo ni jambo kubwa, na ndilo linalofidia kurasa nyingi ambazo Jacob anahubiri kupita kiasi.

Yaweza kuulizwa: ikiwa shajara ina hatari zote hizi, kwa nini mtungaji asiiache? Wengine wameiacha na wamefaulu. Abdulrazak Gurnah katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo wasomaji wa Kiswahili waijua kwa jina la Peponi tangu ilipofasiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, aliuchukua msafara wa biashara hadi bara ng'ambo ya ziwa kubwa bila daftari la mtu yeyote, kwa macho ya kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa ya mwaka 1934, alijenga habari za utumwa juu ya kumbukumbu za wazee wake. Vitabu hivyo vyatukumbusha kuwa shajara si sharti la ukweli. Lakini kuna kitu ambacho havikupewa nafasi ya kukifanya, nacho ni kule kutojua kesho nilikokueleza. Kitu hicho ni cha thamani, na sidhani kuwa fasihi ya Kiswahili inafaa kukiacha mikononi mwa lugha nyingine.

Basi neno langu la mwisho ni kwa wanafunzi wetu, maana baadhi yao wanatunga, na historia ya ziwa hili inawaita: misafara ya pembe, Wamanyema wa Ujiji, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, meli ya Götzen iliyoundwa upya vipande kwa vipande pale Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kupewa jina la Liemba. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kuiga shajara ya Mzungu msafiri na kumbadilisha rangi tu mwenye kalamu. Nawasihi wasifanye hivyo. Shajara ya msafiri iliandikwa kwa ajili ya jamii iliyokuwa ikisubiri nyumbani, yenye wachapaji na wanunuzi wa vitabu. Ndiyo maana kila mlima ndani yake unagunduliwa na kila mtawala ni kichekesho au hatari. Mfanyabiashara wa Ujiji aliyeandika Kiswahili au Kiarabu kwa herufi za Kiarabu hakuwa na jamii hiyo. Yeye alimwandikia mdai wake, mshirika wake, jamaa yake wa Unyanyembe au Unguja. Daftari lake lilikuwa la mali: nani amechukua nguo ngapi, pembe ngapi zimeingia, nani amekufa na deni lake. Wahenga wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndani ya daftari kama hilo mna riwaya iliyolala. Mtu anaandika hesabu tu, hana nia ya kujieleza, lakini katika safu ya waliouzwa kuna jina analoliandika mara mbili, na mara ya pili mkono umetetemeka. Katika safu ya posho kuna mpagazi ambaye jina lake halionekani tena baada ya siku fulani. Tarehe ni za mwezi, mfungo kwa mfungo. Wino umekolezwa hapa na kuchujuka pale. Pembeni kuna dua iliyoandikwa usiku wa dhoruba ziwani. Na kwa kuwa daftari hilo nalo ni la mkono mmoja, wa mwenye mali, haki yataka pawe na sauti ya pili: mwanamke wa nyumbani mwake, mpiga makasia wa Kijiji, mtoto aliyenunuliwa ng'ambo, atakayelisoma daftari baadaye au kusimulia lisivyoandika. Mtungaji atakayeifanya kazi hiyo kwa Kiswahili hatakuwa na haja ya kumfasiri mtu yeyote kwanza. Maneno ya njiani na maneno ya ukurasani yatakuwa lugha moja, jambo ambalo Livingstone, Stanley, Jacob wa kweli na Jacob wa riwaya, kila mmoja kwa sababu yake, hakuweza kulipata.